Hesabu ya Nyumbani kwa Miezi Sita

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Januari, maneno ya namna moja husikika katika ofisi zetu, tangu masjala hata chumba cha wahasibu. Mshahara umekwisha, sare za watoto hazijanunuliwa, mwenye nyumba amekwisha kubisha hodi mara mbili, na siku ya mshahara ingali mbali. Maneno hayo hayasemwi na wavivu wala walevi peke yao. Husemwa na watu wa heshima, wenye kazi nzuri, wasiogusa pombe wala kamari. Kwa hiyo haifai kuyapuuza, wala haitoshi kuyajibu kwa mahubiri ya kwamba watu wapunguze anasa. Jambo hili lina sababu yake, na sababu hiyo yaweza kuandikwa katika karatasi moja.

Neno tutakalo kuwaambia wanachama ni hili: mshahara wetu huja kwa mwezi, bali maisha hayaji kwa mwezi. Chakula huliwa kila siku. Kodi ya nyumba, katika miji yetu mingi, hudaiwa kwa miezi mitatu au sita mara moja. Mahitaji ya shule huja Januari. Shamba hufuata mvua. Sikukuu hufuata kalenda, na msiba haufuati kitu. Mtu apangaye fedha zake kwa mwezi mmoja mmoja, mwezi mwepesi humdanganya kuwa yeye ni tajiri, na mwezi mzito humdanganya kuwa ni fukara. Ukweli wa hali yake haumo katika mwezi huu wala ule. Umo katika miezi yote ikitazamwa pamoja.

Sisi tulio watumishi wa umma hatuna udhuru wa kusema kwamba kazi hii hatuijui. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, na miezi mingi kabla yake kila idara hukaa kuandika makisio ya mapato na matumizi, kifungu kwa kifungu. Hakuna idara ambayo mkuu wake angestahimili kusikia kwamba fedha za robo ya mwisho zimekwisha katika robo ya kwanza kwa sababu Septemba ilionekana kuwa na nafasi. Lakini karani yule yule akeshaye kupatanisha vifungu vya idara, akirudi kwake huweka fedha katika mfuko wa shati na kuzihesabu kwa kuzipapasa. Wazee walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Twajua kuliandika daftari la Serikali. La nyumbani kwetu hatulifungui.

Yafaa kueleza kwanza hesabu tunayoisema ni hesabu gani. Si hesabu ya mali. Mtu aweza kuwa na kiwanja, mbuzi wanne na shamba la mahindi yanayochanua, na siku hiyo hiyo asiwe na shilingi ya kununua chumvi. Hesabu hii ni ya fedha tu: fedha ipi itaingia mkononi, mwezi gani, fedha ipi itatoka, mwezi gani, na mwisho wa kila mwezi kitabaki nini. Mbuzi hawaingii katika karatasi mpaka mwezi watakapouzwa. Mahindi yaliyo shambani hayaingii mpaka yapate mnunuzi, au mpaka yaondoe gharama ya unga katika chakula.

Tuanze na mapato. Fedha ya kuandikwa ni ile ipokewayo mkononi, wala si ile iliyo juu ya hati ya mshahara. Kati ya juu na chini ya hati ile mna kodi ya mapato, mna mchango wa mfuko wa pensheni wa PSSSF ambao ni 5 kwa mia, mna bima ya afya, mna ada ya chama cha wafanyakazi, na kwa yule aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu mna 15 kwa mia ya mshahara wa msingi. Wengi hupanga maisha yao kwa mshahara wa juu na kuyaishi kwa mshahara wa chini, kisha hustaajabu.

Baada ya mshahara huandikwa kipato cha mwenzi wako, kama yupo na anafanya biashara au kazi. Biashara ndogo ina mwezi mwema na mwezi mbaya. Andika ule mbaya. Ukipata zaidi, hapana aliyepata kulia kwa sababu fedha zimezidi. Posho za safari, malipo ya kazi za ziada na malimbikizo ya mshahara usiyaandike hata kidogo mpaka yawe mkononi. Mwenye kuyala malimbikizo kabla hayajafika hula mara mbili kitu kimoja: mara ya kwanza kwa deni, na mara ya pili kwa majuto.

Kisha matumizi, nayo ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya kila mwezi: chakula, mkaa na gesi, umeme, maji, nauli, sabuni, simu, fedha za wazazi kijijini, na michango. Tunaitaja michango kwa makusudi. Wengi hawaiandiki kwa sababu hawajui ni harusi gani wala ni msiba gani utakaokuja. Ni kweli hujui utakuwa wa nani, lakini wajua kwamba utakuwapo. Tazama miezi mitatu iliyopita, jumlisha ulichotoa, gawanya kwa tatu, na kiasi hicho ukiandike. Asiyekiandika kifungu cha michango hukitoa katika kifungu cha chakula bila kujua.

Aina ya pili ni matumizi ya msimu, nayo ndiyo yanayotuangusha. Hayaji kila mwezi, na kwa sababu hiyo huonekana kama ajali. Lakini kodi ya nyumba ya miezi sita si ajali, kwa kuwa siku yake iliandikwa katika mkataba. Januari si ajali. Tangu Januari 2016 ada zimeondolewa katika shule za Serikali za msingi na sekondari hata Kidato cha Nne, na mwaka 2022 Serikali ilitangaza kuziondoa katika Kidato cha Tano na cha Sita pia. Hata hivyo mtoto hafiki shule akiwa amevaa waraka wa Serikali. Huhitaji sare, viatu, madaftari, na aendaye bweni huhitaji godoro, sanduku na nauli. Mbegu na mbolea za mvua za Novemba si ajali. Wala sikukuu si ajali. Krismasi haihami mahali pake, na ijapokuwa Ramadhani hurudi nyuma kadiri ya siku 11 kila mwaka kwa kalenda hii tuitumiayo ofisini, mwezi wake wajulikana mapema, na kila mwaka yapasa kuutafuta upya katika karatasi.

Maneno bila mfano hayashiki, basi tutoe mfano. Tarakimu hizi tumezitunga kwa ajili ya mafundisho; kila msomaji aziondoe na kuweka zake. Tuseme yuko mtumishi wa halmashauri katika mji wa bara, mwenye mume au mke, watoto watatu, na mama mzazi kijijini. Mshahara apokeao mkononi ni Sh. 640,000. Mwenzi wake hushona nguo, na katika mwezi mbaya huleta Sh. 100,000. Jumla yao ni Sh. 740,000 kwa mwezi.

Matumizi yao ya kila mwezi ni haya: chakula, mbali na mahindi, Sh. 270,000, mkaa, gesi, umeme na maji Sh. 75,000, nauli Sh. 60,000, sabuni na vitu vidogo vya nyumbani Sh. 35,000, simu Sh. 15,000, mama kijijini Sh. 40,000, michango Sh. 35,000. Jumla Sh. 530,000. Ukitoa hiyo katika mapato, baki ni Sh. 210,000 kila mwezi. Mtu akiishia hapa atasema kwamba nyumba hii haina shida yo yote.

Sasa tuandike matumizi yao ya msimu kuanzia Agosti hata Januari. Agosti hununua magunia matatu ya mahindi, tuseme kwa Sh. 70,000 kila gunia, maana mavuno yametoka na bei iko chini, yaani Sh. 210,000. Novemba hulima, na mbegu, mbolea na kibarua ni Sh. 120,000. Desemba kodi ya nyumba ya miezi sita ni Sh. 480,000, na sikukuu pamoja na safari ya kijijini ni Sh. 150,000, jumla Sh. 630,000. Januari mahitaji ya shule ni Sh. 300,000. Karatasi yao itakuwa hivi:

Agosti: baki ya mwezi 210,000, msimu 210,000, akiba mkononi 0.
Septemba: baki ya mwezi 210,000, msimu 0, akiba mkononi 210,000.
Oktoba: baki ya mwezi 210,000, msimu 0, akiba mkononi 420,000.
Novemba: baki ya mwezi 210,000, msimu 120,000, akiba mkononi 510,000.
Desemba: baki ya mwezi 210,000, msimu 630,000, akiba mkononi 90,000.
Januari: baki ya mwezi 210,000, msimu 300,000, akiba mkononi 0.

Msomaji aitazame karatasi hii kwa makini, kwa maana yasema mambo matatu.

Jambo la kwanza, nyumba hii yaweza kupita miezi sita bila deni. Baki ya miezi sita ni Sh. 1,260,000, na matumizi ya msimu ni Sh. 1,260,000 vile vile.

Jambo la pili, nyumba hiyo hiyo, kwa mshahara ule ule, yaweza kuangamia. Itazame Septemba na Oktoba. Ni miezi myepesi. Hakuna kodi, hakuna shule, mahindi yako ghalani. Mwisho wa Oktoba mna Sh. 420,000 ambazo hazina kazi machoni pa mtu asiyeandika. Hapo ndipo hununuliwa redio kubwa, hubadilishwa simu, hutolewa mchango wa kujionyesha. Hakuna dhambi iliyotendeka, na mnunuzi atasema kwa haki kabisa kwamba alinunua kwa fedha taslimu wala hakukopa. Lakini ifikapo Desemba atakuwa na Sh. 90,000 alizobakiza Novemba na Sh. 210,000 za Desemba yenyewe, jumla Sh. 300,000, naye adaiwa Sh. 630,000. Amepungukiwa Sh. 330,000. Januari atapungukiwa Sh. 90,000 nyingine. Jumlisha upungufu huo: ni Sh. 420,000, ndizo zile zile za Septemba na Oktoba, hazikuzidi wala kupungua. Basi deni la Januari halizaliwi Januari. Huzaliwa Septemba, siku mtu anapojiona hana shida.

Jambo la tatu, karatasi hii ina ufa. Mwisho wa Agosti akiba ni sifuri, na mwisho wa Januari ni sifuri tena. Mtoto akiugua kitu kisichofunikwa na bima, au msiba ukatokea mbali, hakuna kitu. Ndiyo maana hesabu haiandikwi mara moja na kuwekwa kando. Huandikwa, ikatazamwa, ikaandikwa tena. Wenye nyumba hii wakikaa pamoja waweza kusema kwamba michango ishuke kutoka Sh. 35,000 hata Sh. 25,000, na sikukuu ishuke kutoka Sh. 150,000 hata Sh. 100,000. Kwa miezi sita watapata Sh. 60,000 katika michango na Sh. 50,000 katika sikukuu, yaani Sh. 110,000 za dharura. Si nyingi, lakini ni tofauti kati ya kwenda dukani na kwenda kwa mkopeshaji.

Hapo tumefika penye hatari yenyewe. Yule aliyepungukiwa Sh. 330,000 mwezi wa Desemba hawezi kumwambia mwenye nyumba angoje hata Machi. Atatafuta fedha siku hiyo. Tuseme ameipata kwa mkopeshaji wa mitaani, kwa riba ya 20 kwa mia kwa mwezi. Riba peke yake itakuwa Sh. 66,000 kila mwezi, nayo itatoka katika baki ya Sh. 210,000, kabla hajalipa hata senti moja ya deni lenyewe. Na mwezi wa kwanza wa kulipa ni Januari, mwezi ambao hata bila riba ulikwisha pungukiwa. Wala asisahau kwamba mara nyingi mshahara wa Desemba hutoka kabla ya Krismasi, hivyo safari ya kuufikia wa Januari huwa ndefu kuliko ya mwezi mwingine. Atakopa ili alipe mkopo. Wananchi wameipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu, na hawakukosea.

Twajua, na kila mkuu wa ofisi ajua, ya kuwa wako watumishi walioacha kadi zao za benki mikononi mwa wakopeshaji, pamoja na namba ya siri. Siku ya mshahara si wao waendao kuchukua. Iko kanuni ya kwamba makato yasimwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Ni kanuni njema, lakini hulinda makato yanayopita katika hati ya mshahara tu. Mtu aliyeshika kadi yako hajui theluthi. Na jambo hili si la nyumba yake peke yake. Mtumishi aliyekabwa na deni hukaa mezani huku amepungukiwa na uhuru. Mwananchi akija na faili lake, na ndani ya faili mna noti, mtu yule hupigana vita viwili, cha haki na cha njaa. Heshima ya utumishi wa umma hulindwa kwa sheria, lakini pia hulindwa kwa karatasi ya hesabu iliyo ukutani jikoni.

Wengine watauliza: hizo Sh. 420,000 za Oktoba zitakaa wapi zisiguswe? Swali hili ni jema, kwa maana fedha iliyo karibu na mkono haina bwana mmoja. Fedha iliyo katika simu imekaa karibu mno na kidole. Yafaa iwekwe mahali ambapo kuitoa kunahitaji safari: katika akiba ya ushirika wa kuweka na kukopa, yaani SACCOS, au katika hesabu ya pili ya benki isiyo na kadi. Wenye kucheza upatu wamwombe kijumbe mapema zamu yao iangukie Desemba, wala si Septemba. Zamu ya Desemba ni akiba, zamu ya Septemba ni kishawishi. Na namna nyingine ya kuificha fedha ni kuigeuza kitu kitakachohitajiwa. Sare na madaftari yaliyonunuliwa Oktoba hayawezi kutolewa mchango. Mahindi yaliyonunuliwa wakati wa mavuno hayapandi bei ndani ya ghala, hali yale ya sokoni kwa kawaida hupanda kadiri mavuno mapya yanavyokuwa mbali. Ila yakaushwe vizuri na kutiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, maana dumuzi naye ana makisio yake.

Sasa tuseme neno juu ya watu wa nyumba. Hesabu hii haiwezi kuandikwa na mtu mmoja. Wako waume ambao wake zao hawajui mshahara wao, na wako wake watumishi ambao waume zao hawajui wao. Kila mmoja ana sababu zake, na hatuingii katika sababu za watu. Lakini twasema kwamba mtu asiyejua kilichomo katika chungu hawezi kulaumiwa kwa kupakua kingi. Mke aombaye nguo Oktoba haombi kwa ubaya. Ameona fedha, hakuiona kodi ya Desemba. Mwonyeshe karatasi, na mara nyingi atakuwa yeye wa kwanza kusema ngoja. Vivyo hivyo watoto wakubwa. Mtoto wa Kidato cha Pili ajuaye kujumlisha apewe kazi ya kuandika matumizi ya kila siku, naye atajifunza jambo ambalo hatalipata katika mtihani.

Kuhusu jamaa walio kijijini, tusiwafanye kuwa kifungu cha kwanza cha kukatwa. Wengi wetu tuliletwa ofisini kwa jasho lao. Lakini mzazi apataye Sh. 40,000 kila mwezi bila kukosa hukaa kwa amani kuliko yule apelekewaye Sh. 150,000 mwezi mmoja, kisha asisikie neno kwa miezi minne. Mwenye kuahidi kiasi kidogo na kukitimiza ni mwana mwema. Na kwa yule jamaa ajaye na harusi, twaweza kumjibu bila kumvunjia heshima: fedha ya michango ya mwezi huu ni hii, imekwisha, mwezi ujao tutakukumbuka. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na anayekukopesha furaha hatakuwapo siku ya huzuni.

Yako majibu ambayo tumekwisha yasikia. Jibu moja lasema kwamba mambo ya kesho ni ya Mungu. Hatulikatai hilo, lakini Mungu aliyetupa kesho alitupa na kalenda. Jibu la pili ni zito zaidi, nalo lastahili kujibiwa kwa unyofu: kwamba fedha ni kidogo, na kidogo hakipangiki. Sisi twasema kinyume chake. Mwenye nyingi aweza kukosea Oktoba na asiumie. Mwenye kidogo ndiye asiye na nafasi ya kukosea, na kwa hiyo ndiye ahitajiye karatasi kwanza.

Hata hivyo hatutaki mtu adhani kwamba karatasi huzaa shilingi. Ziko nyumba ambazo zikiandika kwa uaminifu, zikikata michango na kupunguza sikukuu, bado mstari wa Januari utakuja na upungufu. Hapo kosa si la mwenye nyumba. Mshahara hautoshi, na jambo hilo lapasa kusemwa. Lakini lasemwaje? Tarehe 1 Mei 2025, katika sherehe za Mei Mosi mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kitapanda kutoka Sh. 370,000 hata Sh. 500,000 kuanzia Julai mwaka ule. Nyongeza za namna hiyo hudaiwa kwa hoja, na hoja iliyo na nguvu kuliko zote ni tarakimu. Kuguna hakuna kiambatisho.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali wa Kiafrika katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa mbele, na walioanza kazi ile walikuwa makarani, walimu na wakalimani, watu wa kalamu. Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma, na mgomo wao ukaenea katika reli, neno lililokuwa vinywani mwao lilikuwa ughali wa maisha kushinda ujira. Serikali nayo huutazama umaskini na utoshelevu kwa njia ya daftari za nyumbani: Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, kama ilivyofanya mwaka 2011/12 na tena mwaka 2017/18. Ikiwa Serikali huuliza kaya zatumia nini, si vema watumishi wake wawe watu wasioweza kujibu.

Kwa hiyo twaleta shauri mbele ya matawi yote. Kila mwanachama aandike karatasi yake ya miezi sita, yeye na mwenzi wake, kwa mistari minne tu: mapato, matumizi ya kila mwezi, matumizi ya msimu, na akiba mkononi. Mwisho wa kila mwezi aandike kando kilichotokea kweli, kwa maana makisio yasiyolinganishwa na matokeo ni ndoto. Miezi sita ikiisha, wale watakaopenda wampe katibu wa tawi nakala isiyo na jina. Nakala hizo zikiwa nyingi, Chama kitakuwa na kitu cha kuweka mezani siku ya majadiliano, nacho kitazungumza kwa sauti ambayo hakuna awezaye kuiita malalamiko.

Wale ambao nyumba zao zatosha watajua kwamba zatosha, na watalala. Wale ambao hazitoshi watajua zimepungua shilingi ngapi na mwezi gani, na watakuwa na miezi ya kutafuta njia badala ya siku mbili. Kazi yote ni ya jioni moja, na vyombo vyake ni karatasi, kalamu na kalenda. Mshahara ujao usiingie nyumbani kabla ya karatasi hiyo kuandikwa.